Umeshapasuliwa, Sasa Inuka: Maswali na Majibu Kuhusu Mazoezi Tiba

Maswali haya tunaulizwa kila wiki sisi wataalamu wa mazoezi tiba hapa Kigoma, na wagonjwa wenyewe na zaidi na ndugu zao. Kuna familia zinamwuguza mtu kwa upendo mpaka anakuwa kilema.

Mazoezi tiba, yaani fiziotherapia, ni nini hasa?

Ni tiba ya kuurudishia mwili uwezo wake wa kujongea: kupumua kwa kina, kukunja na kunyoosha viungo, kusimama, kutembea, kurudi kazini. Si kuchuliwa.

Nimepasuliwa jana. Si ninatakiwa kulala mpaka nipone?

Hapana. Daktari wako asipokukataza kwa sababu maalumu, mazoezi huanza siku ileile au kesho yake. Ukilala tu, makohozi hutuama mapafuni ukapata nimonia, damu huganda kwenye mishipa ya miguu, makalio hutoka vidonda, na misuli huanza kusinyaa ndani ya siku chache. Kwa hiyo hata ukiwa kitandani, vuta pumzi ndefu mara kumi kila saa ukiwa macho, na uchezeshe nyayo juu na chini. Ukiruhusiwa, kaa ukingoni mwa kitanda, kisha simama, kisha tembea.

Mshono hautafumuka?

Kutembea polepole hakufumui mshono. Ndoo ya maji kichwani na jembe ndivyo vya kuogopa, na hivyo tunavikataza kwa wiki kama sita. Mama aliyejifungua kwa upasuaji ageukie ubavu kwanza, ashushe miguu, ndipo ajiinue kwa mikono. Akitaka kukohoa, akunje khanga na kuikandamiza taratibu juu ya kidonda. Mama mkwe anayemwambia asiinuke siku saba, tunamwomba kwa heshima zote atuachie mgonjwa wetu.

Nimewekewa chuma pajani. Nisubiri mfupa uunge ndipo nikunje goti?

Hapana! Hili ndilo linalotuharibia watu. Kijana ameanguka na bodaboda, au ameporomoka kutoka juu ya mchikichi akikata chikichi. Kapasuliwa vizuri, chuma kimekaa. Nyumbani anawekewa mto chini ya goti, analetewa chakula kitandani, kila anayepita anamwambia, "Usiuguse huo mguu." Baada ya miezi mitatu anarudi mfupa umeunga, lakini goti halikunjiki wala halinyooki. Ugonjwa wa pili huo, na umetengenezwa nyumbani.

Chuma kimewekwa ili mfupa utulie wakati wewe unakunja goti. Kukunja ni jambo moja, kukanyagia ni jambo lingine. Lini ukanyagie, na kwa uzito gani, atakwambia daktari aliyekupasua, awe wa hospitali ya Maweni, Kabanga au Bugando. Muulize kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani: "Nikunje goti kuanzia lini?" Mara nyingi jibu ni siku za mwanzo kabisa.

Kuchuchumaa chooni kunataka goti likunjike zaidi ya nyuzi 120. Likiishia 60, utaendaje choo cha shimo? Utaswalije? Utakaaje kwenye mtumbwi? Goti lililokakamaa likichelewa sana, huenda urudishwe thieta likakunjwe ukiwa kwenye nusu kaputi.

Na huo mto uondoeni. Ukitaka kuinua mguu usivimbe, weka mto chini ya kifundo, goti likae limenyooka.

Lakini inauma.

Itauma. Meza dawa ulizoandikiwa kama nusu saa kabla ya zoezi. Maumivu yanayotulia baada ya kupumzika ni ya kawaida. Yanayozidi siku hadi siku, au kidonda kutoa usaha, au homa: acha zoezi, nenda hospitali.

Shavu la mguu limevimba, bibi ananichua kwa mawese. Kuna ubaya?

Upo, na unaweza kukuua. Mguu mmoja ukivimba baada ya upasuaji, ukawa na joto na kuuma, inawezekana damu imeganda mshipani. Kuuchua kunaweza kulisukuma donge hilo hadi mapafuni. Usichue, usikande, usisubiri kesho. Ukiona pumzi inakata ghafla, kifua kinachoma au unakohoa damu, hiyo ni dharura ya saa hii. Mawese yabaki jikoni.

Na hata pasipo uvimbe, usichue sehemu ya mfupa uliovunjika. Mvunjiko hauchuliwi.

Magongo nayatumiaje?

Uzito ubebwe na viganja, si makwapa. Ukiyaning'inia, mishipa ya fahamu hubanwa na mikono kufa ganzi. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa. Kwenye ngazi, panda kwa mguu mzima, shuka kwa mguu mgonjwa. Ukibakiza gongo moja, lishike upande wa mguu mzima. Wengi hulishika upande ule mwingine, na ndugu anayewasindikiza anawasifia.

Nakaa Kalya, nauli ya boti ya kuja kliniki kila wiki sina.

Tunalijua hilo. Ndiyo maana hatutaki uondoke wodini bila kufundishwa. Njoo na ndugu atakayekuwa nawe nyumbani, naye aelekezwe. Kama ana simu, arekodi. Kisha ufanye zoezi wewe mwenyewe mbele ya mtaalamu. Kuitikia "nimeelewa, daktari" hatuhesabu. Nyumbani fanya kidogo kidogo, asubuhi, mchana na jioni, na kila Ijumaa mwambie ndugu yako apime: ukikaa kitini, kisigino kinarudi nyuma chini ya kiti mpaka wapi? Wiki mbili zikipita bila kusogea hata kidogo, tafuta hiyo nauli uje, hata kama tarehe ya kliniki haijafika.