Ukiendesha wewe faili linafunguka, ikiendesha seva linagoma

Juzi usiku mteja wangu mmoja, muuza vipuri vya magari, aliniandikia: "Kaka, ukurasa wa bei umegoma." Kwenye /var/log/apache2/error.log, daftari la makosa la Apache (programu inayotoa kurasa kwa wageni wa tovuti), kulikuwa na mstari mmoja tu unaojirudia: fopen(/home/duka/data/bei.csv): Failed to open stream: Permission denied.

Mstari kama huo usome mpaka neno la mwisho. Ungeishia na "No such file or directory" ningeshuku njia niliyoandika: Bei.csv na bei.csv ni faili moja kwenye Windows, ila kwa Linux ni mawili. Au njia isiyoanza na mkwaju, ambayo PHP, lugha ya skripti ya ukurasa huo, huenda ikaitafuta kwenye folda nyingine kabisa. Hapo weka __DIR__ (folda ya skripti yenyewe) mbele, yaishe.

Sasa hii ya kunyimwa ruhusa. Kijana wa dukani alikuwa ameshalipiga faili chmod 777, yaani ruhusa zote kwa kila mtu (dawa ya kila ugonjwa, siku hizi), na akaapa kwamba akiendesha skripti ileile kwenye terminali inakubali. Hakudanganya. Yeye huingia kama duka, ilhali Apache ya Ubuntu, Linux ya seva ile, hufanya kazi kama mtumiaji mwingine, www-data. Kwa hiyo nikajivika ngozi ya seva:

sudo -u www-data cat /home/duka/data/bei.csv

Nikakataliwa palepale. Nikaandika namei -l na njia nzima ya faili, ikanipangia folda moja moja:

drwxr-xr-x root root /
drwxr-xr-x root root home
drwxr-x--- duka duka duka
drwxr-xr-x duka duka data
-rwxrwxrwx duka duka bei.csv

Tazama mstari wa tatu. Herufi tatu za kwanza baada ya d ni za mwenye folda, tatu zinazofuata ni za kundi lake, tatu za mwisho ni za wengine wote. Kwenye folda, x ni ruhusa ya kupita, na www-data, aliye kati ya wengine, hana. Chumba kiko wazi, geti limefungwa. Tangu toleo la 21.04, Ubuntu huunda folda za nyumbani kwa 750, ndiyo hiyo rwxr-x---. Zamani zilikuwa 755, rwxr-xr-x. Wiki hiyo walikuwa wamehama kutoka seva ya 20.04 kwenda 24.04, ndiyo maana kitu kilichofanya kazi miaka kikafa bila mtu kugusa msimbo.

Kulegeza /home sikutaka. Nilihamishia data /srv/duka, nikaipa folda na faili lililomo kundi la www-data, na folda ruhusa 2750. Ile 2 ya mbele hufanya kila faili jipya linalopakiwa lirithi kundi hilo. Faili lenyewe nikalirudisha 640 (mwenyewe huandika, kundi husoma tu), maana kwa 777 hata www-data ingeweza kubadilisha bei. (Ingekuwa Red Hat, Linux nyingine, ningeangalia pia lebo za faili kwa ls -Z, maana mlinzi wake wa ziada, SELinux, huweza kukataa hata ruhusa zikiwa safi.)

Mwisho nikarekebisha njia kwenye skripti. Apache sikuiwasha upya, kwa kuwa ruhusa hukaguliwa kila faili linapofunguliwa. Mteja akaupakia ukurasa tena, bei hizo.