Lulu haitokani na chembe ya mchanga

Ukikaa Feri au Kunduchi hapa Dar hukosi mtu wa kukwambia eti mchanga ukimwingia chaza anauzungushia mate mpaka unageuka lulu. Stori tamu, ila sio kweli. Chaza anaishi kwenye maji yenye mchanga na matope, kila akichuja maji apate msosi mchanga unapita humohumo na anautema bila shida, ingekuwa hivyo Kigamboni nzima wangekuwa matajiri bana.

Mara nyingi kinachotokea ni kimdudu kimemwingia au kaumia, afu seli za ule utando laini unaotengeneza gamba zinasukumwa ndani ya nyama, zinajikunja zinakuwa kama kifuko na zinaendelea na kazi yao ileile ya kumwaga tabaka linalong'aa, moja juu ya jingine. Ndo maana wafugaji wa lulu wanapandikiza kipande cha utando wa chaza mwingine, na China kwa kome wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, wengi wanaweka hicho kipande peke yake bila punje yoyote ndani, na lulu inatoka vizuri tu.

Sasa wanaopasua chaza mmoja mmoja wakitafuta utajiri wanawaua bure, maana lulu ya asili ni nadra mno. Na hapo bado uchafu wa mji unaoshuka na Mto Msimbazi, bado hewa ya ukaa inayoyeyuka baharini na kuongeza asidi, ambayo inawatesa zaidi chaza wachanga wanaoanza kujenga gamba.