Thompson ya mkusanyaji si ile ya vitani

Wengi hudhani bunduki mpya za Thompson zinazouzwa kwa wakusanyaji wa Marekani ni zile zile za Vita Kuu ya Pili, zimezuiwa tu zisimimine risasi. Sivyo. Zimeundwa upya ndani: kila ukivuta kifyatulio, risasi moja. Za zamani zilisubiri kufyatuliwa chumba cha risasi kikiwa wazi. Mwaka 1982 serikali ikahesabu bunduki mpya za mfumo huo kuwa rashasha, basi hizi husubiri kikiwa kimefungwa. Mtutu nao, uliokuwa inchi 10.5, sasa hupita 16 ili kukwepa usajili maalumu. Shingo ya twiga, kusema kweli. Rashasha halisi raia huruhusiwa, lakini zilizosajiliwa kabla ya Mei 19, 1986 pekee, ndiyo maana bei zake hazishikiki.