Msindikizo wa pikipiki kwenye maziko ya wanajeshi wa zamani Marekani

Marekani, mtu aliyewahi kulitumikia jeshi akifa, huenda jeneza lake likafika makaburini likiwa limetanguliwa na msururu wa pikipiki kubwa zinazopepea bendera. Waendeshaji wengi ni watu wazima, ndevu zimeshaota mvi, wamevaa vizibao vya ngozi vilivyojaa beji za vikosi walivyotumikia. Aghalabu hawakumfahamu marehemu akiwa hai. Hawalipwi, hawakutumwa na serikali, na wafiwa hawatozwi hata senti. Huo ndio msindikizo wa pikipiki: raia wanaojitolea kumfikisha kaburini kwa heshima mwanajeshi wa zamani, au askari aliyefia kazini.

Kundi linalojulikana zaidi kwa kazi hii ni Patriot Guard Riders. Yapo mengine, likiwemo American Legion Riders, waendesha pikipiki wa chama kikongwe cha wanajeshi wa zamani, walioanzia Garden City, Michigan, mwaka 1993. Anayetazama kwa mbali huona pikipiki tu, na kweli zinavuta macho. Ila kazi yenyewe huanza zikishazimwa.

Wakifika kanisani au kwenye nyumba ya huduma za mazishi, huegesha, huchukua bendera zenye milingoti mirefu, kisha hujipanga mistari miwili kuelekea mlangoni. Wafiwa hupita katikati na jeneza lao. Hakuna mazungumzo, hakuna sigara, hakuna simu. Jua liwe kali au theluji iwe inaanguka, watu hao wamesimama tu. Wenyewe huita zoezi zima "misheni", kwa lugha ya kijeshi waliyoizoea, na mstari huo wa bendera ndio kiini chake. Ndiyo maana hata asiye na pikipiki hupokelewa: anakuja na gari lake, anapewa bendera, anasimama na wenzake. Kuwahi kuwa askari nako si sharti.

Kwa nini wasimame kama ukuta? Jibu liko Kansas, mwaka 2005. Vita vya Iraq vilikuwa vimepamba moto na majeneza ya vijana yalikuwa yakirudi nyumbani. Kanisa dogo la Westboro Baptist la mjini Topeka, lisilo chini ya umoja wowote mkubwa wa Wabaptisti na lililojaa zaidi watoto na wajukuu wa mwanzilishi wake, Fred Phelps, likaanza kwenda na mabango kwenye maziko ya askari. Hoja yao ilikuwa kwamba Mungu anawaua wanajeshi ili kuiadhibu Marekani kwa kuwavumilia mashoga. Bango moja lilimshukuru Mungu kwa askari waliokufa. Mama anamzika mwanawe, na ng'ambo ya barabara kuna watu wanashangilia kifo chake.

Waendesha pikipiki wa American Legion wa Mulvane, mji mdogo wa Kansas hiyo hiyo, ndio walioamua kwanza kwamba watajiweka katikati. Mbinu yao ilikuwa rahisi: bendera zifunike mabango, na kelele zikizidi, injini zipigwe resi hadi wafiwa wasisikie kitu kingine. Habari zilisambaa haraka, na kabla mwaka 2005 haujaisha, Patriot Guard Riders ilikuwa imeundwa kama kundi la nchi nzima. Wengi waliojitokeza walikuwa wamepigana Vietnam na wanakumbuka walivyorudi nyumbani bila mtu wa kuwalaki. Nadhani hasira ya jambo hilo la zamani ilichangia kuwatoa nyumbani kuliko hata chuki dhidi ya Westboro.

Mtu atauliza: polisi walikuwa wapi? Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani yanalinda uhuru wa kusema, hata maneno yanayoumiza. Bunge lilijaribu kuweka umbali. Sheria iliyotiwa saini na Rais George W. Bush mwezi Mei 2006 ilikataza maandamano ndani ya futi 300, kama mita 90 hivi, kutoka lango la makaburi ya kitaifa, kuanzia saa moja kabla ya maziko hadi saa moja baada yake. Mwaka 2012, chini ya Rais Barack Obama, muda huo ukaongezwa kuwa saa mbili kila upande. Majimbo mengi nayo yalitunga sheria zake. Lakini hayo yote ni kusogeza mabango tu.

Kesi iliyomaliza ubishi ni ya Snyder dhidi ya Phelps. Matthew Snyder, askari wa kikosi cha Marine, alifia Iraq Machi 2006. Westboro walikwenda kwenye maziko yake huko Maryland, na baba yake, Albert Snyder, akawashtaki. Baraza la wazee wa mahakama liliamuru alipwe karibu dola milioni 11, jaji akazipunguza hadi milioni 5, kisha mahakama ya rufaa ikafuta zote. Tarehe 2 Machi 2011, Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyo juu ya zote, iliamua kwa kura nane dhidi ya moja kwamba Westboro walikuwa ndani ya haki yao, kwa kuwa walisimama mahali pa umma na kuzungumzia mambo yanayohusu umma. Jaji Samuel Alito peke yake ndiye aliyepinga.

Kwa hiyo mabango yana haki ya kuwepo. Mahakama haikusema, hata hivyo, kwamba wafiwa ni lazima wayaone, na mstari wa bendera unasimama katika nafasi hiyo hiyo ndogo iliyobaki. Ukipima hivyo, unaelewa kwa nini kundi hili lina masharti makali kuhusu mambo ambayo halifanyi. Haliendi msibani bila kualikwa na familia. Halijibizani na waandamanaji, hata likitukanwa. Waendeshaji wakianza ugomvi watakuwa wamewapa Westboro tamasha walilolitafuta, na msiba utakuwa umeharibiwa na pande mbili badala ya moja. Zile resi za mwanzoni, kwa maoni yangu, zilikuwa zinakaribia mpaka huo.

Msomaji wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam huenda tayari amewaza bodaboda. Mwenzao akifa, vijana hawa hulisindikiza jeneza kwa honi na resi, mji mzima ujue kwamba mtu wao ameondoka. Kelele ile ni kilio chao. Kwa Wamarekani hawa, mlio wa injini huishia kwenye maegesho, na heshima inayofuata ni ya kimya.

Barabarani kuna utaratibu. Kabla ya kuondoka, kiongozi wa msafara huwakusanya wote na kuwaeleza marehemu alikuwa nani, alitumikia kikosi gani, familia imeomba nini, na njia ipi itafuatwa. Pikipiki zenye bendera hutangulia, gari la maiti hufuata, kisha magari ya familia. Waendeshaji hawapangi pikipiki ubavu kwa ubavu. Hupishana kushoto na kulia ili kila mmoja awe na nafasi ya kukwepa hatari. Kuzuia magari kwenye makutano kwa kawaida ni kazi ya polisi, maana sheria hutofautiana jimbo hadi jimbo na kizibao cha ngozi hakimpi raia mamlaka ya trafiki. Mwafrika Mashariki anayeishi huko akikutana na msafara wa namna hii asiuingilie katikati, na asishangae kuona magari ya upande wa pili yakisimama pembeni, hasa majimbo ya kusini. Ni desturi.

Siku hizi misheni nyingi hazihusu vijana waliouawa vitani. Wanaosindikizwa ni wazee, wengi wa Vietnam, na wachache wanaobaki wa Korea na Vita Kuu ya Pili. Serikali inadaiwa na wazee hawa heshima ya kijeshi, lakini kiwango cha chini kisheria ni wanajeshi wawili tu wenye sare: wanakunja bendera, wanaikabidhi kwa familia, na wimbo wa tarumbeta unapigwa, mara nyingi kutoka kwenye kifaa kilichorekodiwa kwa sababu wapiga tarumbeta hawatoshi. Wanajeshi wawili, mjane mmoja na uwanja mtupu. Hapo ndipo watu hamsini wenye bendera wanapobadilisha sura ya siku.

Wapo pia waliokufa bila ndugu wa kuwachukua. Majivu yao hukaa miaka kwenye rafu za nyumba za mazishi hadi mradi wa kujitolea uitwao Missing in America Project uyatafute, uthibitishe kwamba mwenyewe alikuwa mwanajeshi, na kuyapeleka makaburi ya kitaifa. Waendesha pikipiki huyasindikiza, na kwa kuwa hakuna mtoto wala mke wa kupokea bendera iliyokunjwa, mara nyingine huipokea mmoja wao.

Familia inayotaka msindikizo humwambia msimamizi wa nyumba ya mazishi, au huwasiliana moja kwa moja na viongozi wa kundi katika jimbo lao, ikitaja siku, mahali na kikosi cha marehemu. Ombi likitoka kwa jirani au rafiki wa zamani wa jeshini, kiongozi huwauliza kwanza wafiwa wenyewe. Wakisema hawataki, pikipiki hubaki nyumbani.