Kumuuliza kijana kuhusu ugomvi anapokuja kutibiwa

Vijana balehe wengi wanaofika katika vituo vya afya vya Moshi huletwa na mambo ya kawaida: homa, maumivu ya hedhi, au kiganja kilichochanika ambacho mwenyewe anadai alianguka. Kwa maoni yangu kama mnasihi, unasihi wa kuzuia ukatili ufanyike hapo hapo, badala ya kusubiri kesi ifike Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Kwanza mzazi huombwa atoke. Mama aliyepanda daladala na mwanawe kutoka Kibosho hafurahii jambo hilo, kwa hiyo namweleza kwamba kila kijana wa umri huo huonwa peke yake kwa dakika chache. Kisha namtajia kijana mipaka ya usiri kabla hajasema lolote, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa.

Ukimuuliza kama anafanyiwa ukatili atakana, maana fimbo wengi wamezizoea. Mimi huanza na shule na marafiki, halafu nauliza: “Mara ya mwisho kupigana au kupigwa ilikuwa lini, na ilianzaje?” Kwa mwenye jeraha naongeza: “Ugomvi wenyewe umeisha?” Akijibu “tutaonana tu,” basi kushona jeraha ni nusu ya kazi. Simhubirii (mahubiri ameshayasikia nyumbani), bali namuuliza watakutana wapi, nani atakuwepo na yeye anataka yaishe vipi, ndipo tunapanga pamoja: apite njia ipi akitoka shule, kaka gani anayesikilizwa na pande zote mbili awapatanishe, na kisu kisitoke nyumbani. Siku ya kutoa nyuzi namuuliza mpango umefikia wapi.

Akieleza kwamba amebakwa, mazungumzo hayo hukoma na tiba hutangulia. Dawa za kukinga VVU huanzwa ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120. Fomu ya polisi ya PF3 na afisa ustawi wa jamii hufuatwa sambamba, bila kuchelewesha dozi ya kwanza.