Ethi ya Gari: Maana Yake na Namna ya Kuipima Nyumbani

Fundi umeme anaposema kwamba gari "limekosa ethi", hazungumzii waya unaozikwa ardhini kama ule wa nyumba. Gari limekaa juu ya matairi ya mpira, na umeme wake hauna haja ya ardhi. Katika lugha ya gereji, ethi ni njia ya kurudia: umeme hutoka kwenye chanya ya betri, hupita kwenye fyuzi, swichi na waya hadi kwenye taa, honi au stata, kisha hurejea kwenye hasi ya betri kwa kupitia chuma cha bodi na cha injini. Mpangilio huu hupunguza nyaya, maana chuma cha gari chenyewe huwa waya mmoja mkubwa unaotumiwa na vifaa vyote. Baadhi ya magari ya zamani ya Uingereza yalifungwa kinyume, chanya ikiwa ndiyo ya bodi, na anayefufua gari kuukuu la namna hiyo ahakikishe kwanza.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba injini haigusani moja kwa moja na bodi, kwa kuwa imekalishwa juu ya vikalio vya mpira ili mtikisiko usimfikie abiria, na mpira haupitishi umeme. Ndiyo maana huwekwa waya mnene, mara nyingi wa kusukwa kama utepe, unaounganisha injini na bodi. Waya huo hukaa chini, kwenye matope, oili na joto, hauna fyuzi wala taa ya kuuonya dereva, na kwa uzoefu wangu ndio unaokaguliwa mwisho, baada ya betri na stata kwisha kununuliwa bure.

Kwa nini ubovu wake hujificha? Hesabu ndogo yatosha. Tuseme kutu imeleta ukinzani wa omu 0.01 tu kwenye bolti ya ethi. Taa ndogo ya wati 5 hutumia takriban ampea 0.4, hivyo pale hupotea volti 0.004, kiasi ambacho jicho haliwezi kukitambua. Stata inayovuta ampea 150 itapoteza volti 1.5 mahali hapohapo, ilhali betri huwa tayari imeshuka kwa sababu ya mzigo huo. Stata itazunguka kivivu au itagonga "ta" na kunyamaza. Mwenye gari huona taa zinawaka, akahitimisha kwamba ethi ni nzima. Kupima waya kwa kipimo cha omu nako hudanganya: waya uliokatika nyuzi zake nyingi ukabaki na chache utasoma karibu na sifuri, kwa sababu mita hupitisha umeme kidogo mno.

Dalili nyingine hutokea mbali na chanzo. Ethi ya taa za nyuma ikilegea, ukikanyaga breki indiketa hufifia au taa ya upande mwingine humemeta, kwa kuwa umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia balbu ya jirani. Ethi ya dashibodi ikichakaa, mishale ya geji huweza kucheza pamoja unapowasha taa kubwa. Katika magari yenye kebo za chuma, stata iliyonyimwa ethi huweza kurudisha umeme kupitia kebo ya klachi au ya mafuta, ikapata moto hadi kuungua.

Kipimo sahihi hufanywa umeme mwingi ukiwa unapita. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Ncha moja iguse nguzo ya hasi ya betri yenyewe, si kichwa cha waya kilichoivaa, na nyingine iguse chuma kitupu cha injini. Gia iwe huru, hendibreki juu, kisha mtu apige stata. Kisichozidi volti 0.2 ni kizuri, na kikifika 0.5 ethi ina kasoro. Rudia ukigusa bodi badala ya injini, nawe utajua ni waya upi. Asiye na mita aweza kufunga waya mnene wa kubustia kati ya hasi na injini: stata ikichangamka ghafla, jibu limepatikana.

Kabla ya kufungua chochote, toa waya wa hasi kwanza, kwa sababu spana iliyoshika chanya ikigusa bodi itapiga shoti. Magari ya haibridi yana nyaya za rangi ya chungwa zenye volti nyingi, hizo usiziguse. Kisha fungua bolti ya ethi na utazame chini yake. Kwenye magari ya pwani utakuta unga wa kijani au kutu. Kwenye gari lililotoka kupakwa rangi, huenda ukakuta rangi mpya inayong'aa chini ya washa, nayo huzuia umeme sawa na plastiki. Piga msasa mpaka chuma king'ae pande zote mbili, kaza, ndipo upake grisi kwa nje. Pima tena. Namba isiposhuka, chuna ganda la waya karibu na kichwa: shaba ikiwa nyeusi au inakatika kama unga, weka waya mpya usio mwembamba kuliko wa awali.