Sekunde si mita

Mwanafunzi aliye kwetu kwa mafunzo ya vitendo aliniuliza juzi kwa nini huwa nafungua ramani ya sakafu ya bahari kabla ya kugusa programu yetu ya kompyuta, ile inayorudisha nyuma historia ya kushuka kwa sakafu hiyo. Nilimwambia akae, maana jibu lake ni refu.

Kwanza kazi yenyewe. Mashapo, yaani tope na mchanga unaotua chini ya bahari, hujipanga tabaka juu ya tabaka kwa mamilioni ya miaka. Programu huenda kinyume: inabandua tabaka la juu, kisha linalofuata, mpaka ifike sakafu ya kale. Lakini kubandua tu hakutoshi. Panga magodoro matano ya sifongo, kisha toa la juu, uone yaliyobaki yanavyovimba. Tope nalo liko hivyo. Tangu kanuni ya mwanajiolojia Athy ya mwaka 1930 tunajua kwamba kadiri tope linavyozikwa ndivyo nafasi kati ya chembe zake zinavyopungua, haraka mwanzoni, polepole baadaye. Kwa vipimo vya watafiti Sclater na Christie vya 1980, tabaka la mwamba wa tope la mita 1,000 lililo kati ya kina cha kilomita 2 na 3 lilikuwa na unene wa karibu mita 1,475 lilipokuwa bado juu, kabla ya kuzikwa. Vipimo hivyo ni vya Bahari ya Kaskazini, Ulaya. Kuna watu huvibeba hivyohivyo wakavitumia mbele ya delta ya Rufiji, wala hawashtuki.

Halafu kuna uzito. Jahazi likishusha shehena huinuka majini. Ganda la dunia likiondolewa mashapo nalo huinuka. Programu ikishaondoa kuinuka huko katika hesabu, kinachobaki ni kushuka kwa ganda lenyewe, na ndicho tunachokitafuta. Mtafiti McKenzie alionyesha mwaka 1978 kwamba ganda likivutwa likawa jembamba hushuka haraka, kisha huendelea kushuka taratibu kadiri linavyopoa. Kwetu hadithi hiyo inaanzia zama za Jura, wakati wa dinosaria, Madagaska ilipoachana na Afrika Mashariki ikateleza kwenda kusini.

Sasa ramani. Picha ya mitetemo, ile tunayosomea tabaka zilizo chini ya bahari, haina mita. Meli hupiga sauti, hungoja mwangwi, na picha huchorwa kwa sekunde za kwenda na kurudi. Majini sauti hukimbia mita 1,500 kwa sekunde; kwenye tope laini tuseme 2,000. Korongo la mita 300 kwenye sakafu ya bahari, likiwa limejaa maji mahali palipokuwa na tope, huchelewesha mwangwi kwa sekunde 0.1. Chini zaidi, ambako mwamba hupitisha sauti kwa mita 3,000 kwa sekunde, ucheleweshaji huo huonekana kama shimo la mita 150. Shimo ambalo halipo.

Mimi nililichora. Nikaliwekea mpasuko wa miamba kila upande, nikaandika kwamba eneo lilishuka ghafla mwishoni mwa Kretasia, zama zilizofuata Jura. Programu haikulalamika: ilibandua, ikavimbisha, ikanipa mchoro mzuri kabisa wa kushuka. Wiki tatu za kazi.

Mzee mmoja wa ofisini alikuja na kikombe chake cha chai, akaweka kidole kwenye shimo langu, akakipandisha wima hadi sakafu ya bahari. Kikatua katikati ya korongo.

“Mwanangu,” akasema, “mbona shimo lako limevaa kofia?”

Nilipogeuza sekunde kuwa mita, tabaka zote zikalala kama mkeka.